Meli ya Mti wa Avoka

Mimi ni mtu wa milimani. Nilizaliwa Fizi, huko juu, ambako ili ulione ziwa inabidi upande kilima siku ya anga safi, na hata hapo unaona tu kitu kinachometameta mbali kama bati jipya. Mpaka naolewa na kuteremka mji wa Baraka, kando ya ziwa, sikuwa nimewahi kukanyaga ndani ya mtumbwi. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba anayetengeneza meli ndogo za mbao ni mimi, mshonaji wa nguo wa karibu na soko, huuliza kwanza kama baba yangu alikuwa mvuvi. Baba yangu alilima mihogo na maharage. Maji aliyaogopa kuliko nyoka.

Meli ilinijia kwa njia ya kalenda. Mama mmoja anayeleta vitambaa kutoka Uvira alinipa kalenda ya ukutani kwa kuwa nilikuwa mteja wake wa siku nyingi, na mwaka mzima ilining'inia mbele ya cherehani yangu. Ilikuwa na picha moja tu, kubwa: meli ya zamani ya matanga, yenye milingoti mitatu, na kamba nyingi kiasi kwamba ukiitazama kutoka mlangoni ungedhani buibui amejenga juu yake. Kazi yangu ni uzi. Kila nilipoinua kichwa kutoka kwenye pindo la sketi, macho yalikwenda kwenye kamba zile. Hii inatoka wapi? Imefungwa wapi? Ukiikata, kitu gani kitaanguka? Mwaka ulipoisha mume wangu alileta kalenda mpya ya parokia, akataka kuishusha ile ya zamani. Nikamwambia ya parokia aitundike juu ya mlango, ukuta ule una mwenyewe.

Halafu mvua iliangusha mti wetu wa avoka, yaani parachichi. Ulianguka mchana, polepole, kama mtu mnene anayekaa chini, na haukuumiza chochote isipokuwa choo cha jirani. Majirani walikuja na mashoka kuchukua kuni. Mimi niliokota kipande cha tawi, nikakijaribu kwa kisu cha jikoni, nikaona kinakubali. Kinakatika laini kama sabuni ya kipande. Nikaomba waniachie gogo moja.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu wa subira, anayependa kujua sababu ya kila jambo. Aliniuliza gogo ni la nini.

"La meli," nikasema.

"Utaiuzisha?"

"Hapana."

"Sasa itafanya nini?"

"Itakaa."

Aliwaza kidogo, kisha akaenda kuniazimia patasi kwa fundi wa milango.

Gogo la kwanza liliniharibikia. Nilikuwa nimelichonga vizuri, tumbo limetoka la mviringo, nikaliweka juu ya bati likauke upesi. Jua likalipasua kutoka mbele hadi nyuma. La pili, nililolikomboa kwenye kuni za jirani, nililifunga kwa matambara nikalilaza chini ya kitanda, nikawa naligeuza kila nilipofagia, na hilo likakauka kwa amani. Shida nyingine ilikuwa picha yenyewe. Ilionyesha upande mmoja tu wa meli. Ule mwingine ilinibidi niuamini. Nilikata karatasi ya kipimo kama ninavyofanya kwa gauni, nikaikunja katikati, nikachora upande wa kulia na kuukata pamoja na wa kushoto. Mwili wa meli, niligundua, si tofauti sana na mwili wa mteja: ukikosea mabega, hakuna pindo litakalokuokoa.

Vifaa vyangu vilikuwa vya mshonaji. Sakafu ya juu ya meli niliichora mistari ya mbao kwa sindano ya kushonea mifuko, na alama za misumari nikazipiga kwa kile kigurudumu chenye meno tunachotumia kuhamisha michoro ya nguo. Milingoti niliichonga kutoka mwanzi. Vijiti vya kuvuka, vile vinavyobeba matanga, alinipa jirani anayechoma mishikaki ya mbuzi kando ya barabara. Nilivichemsha na kuvisugua kwa msasa, lakini meli yangu ilinukia nyama na pilipili kwa muda mrefu, na paka wa mtaa wote waliifahamu. Matanga yalikuwa ya kitambaa chembamba cha pamba, nilichokilowesha kwenye chai ya rangi ili kisiwe cheupe mno kama cha harusi.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi.

Alikuwa ameishi Swima, kijiji cha ufukweni, maisha yake yote, ukiondoa ile miaka, baada ya mimi kuolewa, ambayo wote tulikuwa wakimbizi ng'ambo ya ziwa. Baba mkwe alikuwa mvuvi, naye mama alisuka na kushona nyavu zake. Baba alipofariki, mama alikaa peke yake mpaka magoti yalipoanza kumsumbua, na mume wangu akaenda kumchukua kwa pikipiki. Alifika na mfuko wa nguo, sufuria yake moja anayoiamini, na gunia lililofungwa kwa kamba, ambalo alilisukuma mwenyewe chini ya kitanda chake. Hakuna aliyemuuliza kulikuwa na nini.

Hatukugombana. Tuliheshimiana kama wagonjwa wawili wanaogawana benchi hospitalini. Mimi nilimwita mama, yeye aliniita bibi ya mwalimu, yaani mke wa mwalimu, kama mtu aliyekutana naye njiani. Alikula sombe yangu ya majani ya mihogo, akashukuru, kisha nikamsikia uani akimwambia jirani kwamba mawese niliyatia kwa kijiko cha dawa. Mchana alikaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba changu cha kushonea, mahali penye hewa, akiitazama barabara na kunipa mgongo. Nilidhani hata hajaiona meli iliyokuwa juu ya meza.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, nami nilikuwa nafunga kamba za mlingoti wa katikati. Nilitumia uzi wa kushonea, kwa sababu ndio niliokuwa nao wa kila rangi. Asubuhi ulikuwa umekaza vizuri. Sasa ulikuwa umelegea, nami nilikuwa naufungua na kuufunga upya kwa mara isiyojulikana ya ngapi.

"Ile uzi iko nalala," mama alisema, bila kugeuka.

Nikamuuliza amesemaje. Akainuka, akaja, akaigusa kamba moja kwa ukucha wa kidole gumba. Ikabonyea kama tumbo la mtoto mwenye njaa.

"Uzi ya kushona iko ya kushona," akasema. "Kamba iko kintu ingine. Leta."

Nikampa kibiringo cha uzi. Akakaa tena kwenye kigoda, safari hii akinielekea, akapandisha kitenge juu ya goti, akavuta nyuzi kadhaa akazilaza juu ya paja. Kiganja kilishuka mara moja kuelekea goti, kikarudi juu, na pale katikati ya mwendo ule nyuzi zikajisokota zenyewe zikawa kitu kimoja. Akaongeza uzi, akarudia. Sijui nielezeje, nilikuwa nimeshona nguo tangu ujana wangu na sikuwahi kuona kamba ikizaliwa. Ilikuwa nyembamba kuliko kamba ya kiatu, lakini ukiitazama kwa karibu uliona msokoto wake, kama kamba halisi ya kufungia mtumbwi iliyotazamwa kutoka mbinguni. Nikaipitisha kwenye nta ya mshumaa, nikaifunga. Jioni ikanyesha tena. Kamba haikulala.

Nilitaka anisokotee zote siku hiyohiyo. Akaniuliza ile ya kwanza itakaa wapi, nikamwonyesha. Ya pili? Nikamwonyesha. Inafanya nini? Nikasema imo kwenye picha.

"Kuwa mu picha haiko kazi," akasema. "Miye sisokote kamba yenye haina kazi."

Hakuwa anatania. Akaweka kibiringo chini na kurudia kutazama barabara.

Kwa hiyo ilibidi tujue. Nilitia mega za intaneti kwenye simu, na mtandao ulipokuwa na huruma tulitazama video za mzee mmoja mwenye miwani, sijui wa nchi gani, anayetengeneza meli kama zangu katika chumba kilichojaa meli mpaka dirishani. Lugha yake hakuna aliyeijua nyumbani. Mama hakujali maneno, alitazama vidole. Alinifanya nirudishe nyuma mara nyingi, akanung'unika kwa kukubali, kisha akatoa hukumu kwamba mzee yule anajua, ila anaongea sana. Mume wangu naye alitafuta maelezo ya Kifaransa na kututafsiria jioni kwenye mkeka, akisimama kama yuko mbele ya darasa, akiongeza na mambo ya upepo ambayo hatukumuuliza.

Tukajifunza kwamba kamba za meli ni za aina mbili. Zipo zinazoshikilia mlingoti usianguke. Hizo hufungwa mara moja na kupakwa lami, ndiyo maana ni nyeusi. Na zipo za kuvuta na kulegeza, za kupandisha tanga na kuligeuza. Hizo hubaki na rangi yake. Mama alizipa majina yake mwenyewe: kamba za kukaa na kamba za kutumika. Alisema ni kama watu ndani ya nyumba, akamtazama mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa amelala chali juu ya mkeka na kitabu kifuani. Mume wangu alijifanya hajasikia.

Kuanzia hapo kigoda chake hakikurudi mlangoni. Nilishona nguo za watu asubuhi. Mchana, kazi zikipungua, tulikaa pande mbili za meza. Yeye alisokota, mimi nilifunga. Mzee wa video alitumia vibao vidogo vya mviringo vyenye matundu kukazia zile kamba nene za pembeni, na nilikuwa nimeanza kuumiza kichwa nitavichongaje, mama akanyoosha mkono kwenye mkebe wangu wa vifungo vya shati, akatoa kimoja chenye matundu manne, akakiweka mbele yangu. Basi meli yangu yote imekazwa kwa vifungo vya mashati, juu kimoja na chini kimoja, na kamba ikipita kati yao. Tulibishana pia. Kulikuwa na kamba moja kwenye picha, inatoka puani mwa meli na kuingia chini, ambayo hatukuweza kujua kazi yake. Nilisema tuiweke, itapendeza. Alikataa. Tukaacha kuongea juu ya jambo hilo kwa siku nzima, tukiongea juu ya mengine yote. Kamba ile haipo mpaka leo, na hakuna kilichoanguka.

Rangi tulisaidiwa na jirani wa nyuma, mkimbizi kutoka Burundi anayechora mabango ya maduka. Alituletea mabaki ya makopo yake, na akaja mwenyewe kuona kama tutayatumia vizuri. Mama alitaka tumbo liwe jekundu, mimi nilitaka juu pawe peusi, na mchoraji akatukatia shauri kwa kupitisha mstari wa njano katikati, kutoka mbele hadi nyuma, kwa pumzi moja, bila rula wala utepe. Kisha akaweka brashi chini akapumua. Tulimpigia makofi.

Meli ilikuwa imekwisha. Ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, na mimi nilikuwa tayari kuiweka juu ya kabati. Lakini mama aliuliza kama inaelea. Nikasema haikutengenezwa kuelea. Akanitazama kama vile nimemwambia nimeshona shati lisilovalika.

Tukajaza maji kwenye beseni kubwa la kufulia. Nikaiweka meli. Ikasimama kidogo, ikafikiri, ikalala ubavu na milingoti yake yote ndani ya maji. Nikaiinua, nikaiweka tena taratibu. Ikalala ubavu wa pili. Mume wangu alianza kueleza habari ya uzito na kitovu chake, mama akamwambia anyamaze. Nami nikasema labda tufunge mawe.

Mama aliingia chumbani mwake. Tukasikia gunia likiburutwa. Alirudi nalo uani, akakaa chini, akalifungua, na harufu ya ziwa ikatoka, ya dagaa na maji ya zamani. Ndani mlikuwa na wavu wa baba mkwe, umekunjwa vizuri kama shuka. Akautafuta ukingo wake wa chini, ule wenye risasi, vile vipande vya metali nzito vya kuuzamisha, akaniomba mkasi. Nina mkasi mmoja wa vitambaa ambao simwachii mtu yeyote aguse hata karatasi nao. Nikampa.

"Mama," nikasema, "hii ni ya baba."

"Baba hatatupa wavu tena," akasema. Aliendelea kukata, risasi zikidondoka moja moja kwenye sahani. "Hizi zinalala tu mu gunia. Muzuri zirudie mu mayi."

Mume wangu aliondoka akaenda kusimama kando ya kisiki cha mti wa avoka, akakaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa na nyundo. Yeye ndiye aliyezipondaponda risasi zikawa bapa, mimi nikazipigilia chini ya tumbo la meli kwa misumari midogo ya viatu, na mama akapaka rangi nyekundu juu yake. Tulipoiweka tena kwenye beseni, meli ilizama kidogo, ikajitingisha, ikasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake.

Jioni ile, tukila, mama alianza mwenyewe kusimulia habari za mumewe. Alisema alikuwa mvuvi mzuri lakini alipenda kuimba wakati wa kuvuta wavu, na aliimba vibaya kiasi kwamba wenzake walimwomba aache, samaki wanakimbia. Naye akawajibu kwamba wanaokimbia ni wale wasio na adabu, hao hata ukiwapika hawana ladha. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tuliipeleka meli ziwani. Nilitaka mapema kwa sababu asubuhi upepo hutoka milimani na kwenda ndani, na matanga yangu yalijua kupokea upepo wa nyuma tu. Mume wangu aliibeba ndani ya beseni kichwani, na nyuma yetu kukatokea msafara wa watu waliovaa nguo za kanisani. Ufukweni akina mama waliokuwa wakifua walisogeza ndoo zao. Nilifunga uzi mrefu wa nailoni nyuma ya meli, nikampa mama kibiringo chake ashike, nikapandisha kitenge nikaingia majini hadi magotini. Mimi, mtu wa milimani. Wanawake wa hapo walinicheka kwa jinsi nilivyokuwa nakanyaga mchanga, kama kuku aliyeingia kwenye ugali.

Nikaiachia meli. Mwanzoni haikufanya chochote. Kisha upepo ukashuka, matanga yakavimba yote kwa pamoja, milingoti ikainama mbele kidogo, na kamba za mama zikakaza, niliziona zikikaza. Meli ikaondoka. Ilikata maji, kweli ilikata, na nyuma yake kukawa na mstari. Ilifika mwisho wa uzi ikasimama, ikawa inavutana nao huku na huku kama mbuzi aliyefungwa mbele ya shamba la mtu.

Halafu uzi ukalegea, na meli ikaendelea mbele.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mikono mitupu, kibiringo kikielea kuelekea nilipo mimi na kunipita.

"Mama, uzi," nikasema.

"Niliuachilia."

"Sababu gani?"

"Ulikuwa unaifunga njia," akasema. "Zile kamba zote tulizipatia kazi. Acha zitumike."

Nilitaka kukasirika, na nilikasirika. Kazi yangu ya mwaka na zaidi ilikuwa inakwenda zake kuelekea rasi ya Ubwari na sikujua kuogelea. Lakini macho yangu yalikataa kukasirika pamoja nami. Meli ilikuwa nzuri kupita kiasi. Juu ya meza ilikuwa kitu kilichosimama; pale ilikuwa inafanya kila kitu ambacho mzee wa video alikuwa akituonyesha kwa vidole, tanga kwa tanga. Machozi yalinitoka huku nacheka, na mama mmoja mfuaji akanishika mkono akidhani nitaanguka. Mume wangu alimwomba mvuvi aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini ageuze mtumbwi wake aifuate. Mvuvi, pamoja na uchovu wake, akapiga kasia kwa nguvu, ufuko mzima ukimshangilia. Umbali haukupungua. Alirudi akitweta, akasema tangu azaliwe hajawahi kushindwa na kitu kisicho na mtu ndani.

Tulirudi nyumbani, mume wangu akitembea katikati yetu na beseni tupu. Mama hakuonekana kuwa na majuto hata kidogo. Alitembea vizuri kuliko siku zote, kana kwamba magoti yamepona. Mchana aliingia jikoni mwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachukua sufuria yake, akanipikia mukeke, samaki wetu wa ziwani, kwa mawese na nyanya. Alinipakulia mimi kwanza, kabla ya mwanawe. Nilikula. Kilikuwa chakula kitamu kiasi kwamba hasira ilikosa pa kukaa. Nikamwambia, Mama, mawese yametosha, na akajua kwamba siku ile ya jirani nilisikia, na tukacheka wote wawili mpaka mume wangu akauliza kuna nini, hatukumwambia.

Kesho yake nilipoingia chumba cha kushonea nilimkuta ameshakaa, kitenge juu ya goti, anasokota. Nikamuuliza kamba ni za nini, maana hatuna meli. Akasema zitapata.

Siku chache zilipita. Nikawa nashona sare za shule na kujizuia kutazama kalenda. Halafu siku ya soko akaja mlangoni mama mmoja muuza samaki, kutoka upande wa Ubwari, na beseni la dagaa wakavu kichwani. Juu ya dagaa kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Alisema aliuliza mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, na kila mtu alimwelekeza kwa mama mushonaji.

Meli ilikuwa imevunjika mlingoti wa mbele, tanga moja lilichanika, na rangi ilikuwa imechubuka pembeni. Yule mama alitusimulia, akiwa amekaa kwenye kigoda na maji ya kunywa mkononi, jinsi mumewe na wenzake walivyoikuta alfajiri imekwama kwenye matete. Mmoja wao alikataa kuisogelea. Alisema meli ndogo isiyo na watu inayotembea yenyewe ni uchawi, waiache ipite. Mwingine akaisogelea kwa kasia, akaitazama vizuri, akamwambia mwenzake kwamba hajawahi kusikia uchawi wenye vifungo vya shati. Ndipo wakaichukua. Ilikaa nyumbani kwao, watoto wa kijiji kizima wakija kuitazama, mpaka siku ya soko. Na ubavuni, chini ya mstari wa njano, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa, kwa herufi kubwa zilizopinda: SAFARI YA BURE. Mama wa samaki aliona haya kidogo, akasema ni mumewe, alisema abiria huyu amevuka bila kulipa nauli.

Mama mkwe hakusikiliza mengi ya hayo. Alikuwa ameinamia meli, akipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kamba moja baada ya nyingine, za kukaa kwanza, kisha za kutumika. Alikwenda polepole. Tulimngoja.

"Hakuna yenye ililala," akasema mwishoni. Kisha akamgeukia mgeni, akainua mkono wake kuonyesha kiganja. "Kamba ni zangu. Meli ni ya mutoto yangu huyu."

Walikaa pamoja mchana wote, yeye na yule mama, wakiongea Kibembe juu ya nyavu na watu wa Swima waliowajua wote wawili, na mimi nikamshonea mgeni blauzi papo hapo kutoka kitambaa nilichokuwa nimejiwekea. Dagaa alituachia nusu ya beseni, hakutaka tubishe.

Nilitaka kuyafuta yale maandishi ya mkaa. Mume wangu alisema yaachwe, kwa kuwa sasa ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Mchoraji wa mabango akaja kuyafuata kwa rangi ya njano, na nilimwomba asiyanyooshe. Ilimuuma, kwa sababu ni mtu anayejivunia herufi zake, lakini alifanya hivyo.

Sasa Safari ya Bure iko kwenye kabati la chumba cha kushonea, na wanaokuja kupima nguo huizunguka na kuuliza. Wengine huuliza bei, nami nawaambia kwamba haina bei. Mlingoti wake mpya ni wa mwanzi wa uani kwetu, mzuri kuliko wa kwanza.

Mama hapendi kuzungumzia meli kubwa tena. Tumeanza kitu kingine, kwa amri yake: mtumbwi wa uvuvi wa Swima, kama ule wa baba, pamoja na wavu wake, ambao yeye anausuka kwa uzi mwembamba mpaka mimi mwenyewe siwezi kutumbukiza sindano kwenye macho ya wavu huo. Hatuna picha wala video ya mtumbwi huo. Picha iko kwake. Ananiambia punguza hapa, nami napunguza. Ananiambia umepunguza sana, nami naanza na ubao mwingine. Nimeshaharibu mbao kadhaa na hatujafika hata kwenye mbavu. Juzi alisema lazima kuwe na mtu ndani, amekaa nyuma. Nikachonga mtu, mdogo kama kidole, nikamshonea shati la bluu lenye kola. Mama alimtazama kwa muda mrefu, akamgeuza huku na huku chini ya dirisha.

"Shati iko safi sana," akasema. "Na mudomo umeufunga. Fungua kidogo, anaimba."

Nikachukua sindano, nikamfungua mdomo.